Parishoki ni jina moja, vitu ni vitatu: maneno katika kazi ya kubadilisha uso wa gari

Neno parishoki, tunalolitumia Lubumbashi, limetufikia kutoka Kifaransa. Asili yake, pare-chocs, ni muungano wa kitenzi cha kukinga na nomino ya pigo: kitu kinachokinga mapigo. Majirani zetu wa Angola wana neno la jamaa yake kwa Kireno, para-choques. Wajerumani husema Stoßstange, yaani ufito wa kugongana. Waingereza walichukua tendo lenyewe la kugonga wakaunda neno lao, na Waswahili wa Tanzania na Kenya wakalifanya bampa. Mfaransa na Mreno wametaja kazi, Mjerumani ametaja umbo, Mwingereza ametaja tukio. Lakini mteja wa gereji zetu akilitazama gari kwa mbele leo, anachokiona ni ganda jepesi la plastiki lililopakwa rangi ya gari. Hakuna hata jina moja kati ya hayo linalolitaja ganda hilo.

Ninaandika tasnifu kuhusu msamiati wa mafundi wa magari, na kwa ajili hiyo nimekaa miezi kadhaa katika gereji moja ya Katuba, daftari mkononi. Kazi niliyoiona mara nyingi ni hii ya kubadilisha uso wa gari. Mtu analeta Toyota iliyovunjika mbele, au nzima kabisa lakini mwenyewe amechoka na sura yake, na anataka iwe na mdomo mpana zaidi, wa chini zaidi, unaofanana na gari la mwaka wa karibuni. Anapewa njia mbili: anunue bampa lililotengenezwa kiwandani, au achongewe la faiba.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo inavyofanyika. Nayaandika katika jarida la kitivo cha lugha kwa sababu moja: katika kazi hii kuna mahali patatu ambapo jina moja limefunika vitu ambavyo mkono lazima uvitenganishe. Kila mahali pana gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na abiria, na mwenye gari, au na kijana anayejifunza ufundi.

Ngozi, sponji na boriti

Majina ya Ulaya niliyoyataja yalizaliwa wakati bampa lilikuwa ufito wa chuma uliofungwa nje, mbele ya taa, ukionekana na kila mtu. Jina na kitu vilikaa pamoja. Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1960. Mwaka wa 1968 Pontiac GTO ya Marekani ilitoka na bampa la mbele la mpira laini lenye rangi ya gari lenyewe. Mwaka wa 1972 Renault 5 ya Ufaransa ilitoka na mabampa ya poliesta iliyotiwa nguvu kwa nyuzi za kioo, na Wafaransa wakaanza kuyaita bouclier, yaani ngao. Kwa hiyo fundi wetu anayechonga bampa la faiba anaendeleza kazi yenye historia. Hata kabla ya hapo, mwaka wa 1953, Chevrolet Corvette ilitolewa ikiwa na bodi nzima ya nyuzi za kioo. Mwaka huo zilitengenezwa 300 tu.

Leo, katika gari dogo la kawaida, tunachokiita parishoki ni vitu vitatu vilivyopangwa kutoka nje kwenda ndani.

Cha kwanza ni ngozi. Hili ndilo ganda la plastiki tunaloliona. Linapendezesha gari, linaelekeza upepo, linashika taa za ukungu na namba ya gari. Halizuii mgongano mkubwa, wala halikukusudiwa kuuzuia.

Cha pili ni sponji, kipande cha povu gumu kilichokaa nyuma ya ngozi. Kazi yake ni kumeza mapigo madogo, kama yale ya kuegesha gari, na kupunguza ukali kwa mguu wa mtu anayegongwa. Si kila gari linalo.

Cha tatu ni boriti: upau wa chuma au alumini unaopita kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine, ukiwa umefungwa kwenye mihimili miwili ya fremu. Katika magari mengi kati ya boriti na fremu kuna visanduku vinavyokusudiwa kukunjika. Gari likigonga kwa upande mmoja tu, boriti ndiyo inayogawa nguvu ya pigo ili upande mmoja usiubebe mzigo wote. Visanduku vikikunjika, mwendo wa gari unapungua hatua kwa hatua, na mkanda na mfuko wa hewa vinapata muda wa kufanya kazi yake.

Hata sheria za nje zinaonyesha tofauti hii. Marekani iliyataka magari ya mwaka wa 1973 yavumilie pigo la mbele la maili 5 kwa saa, yaani kama kilomita 8, bila taa na vifaa vya usalama kuharibika. Mwaka wa 1982 kiwango kikapunguzwa hadi maili 2.5. Kanuni namba 42 ya Umoja wa Mataifa inapima bampa kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Vipimo hivyo vinalinda taa na vifaa vya gari katika pigo dogo. Kumlinda abiria katika pigo kubwa ni kazi ya boriti, fremu na mkanda.

Basi angalia linalotokea jina likiwa moja. Ngozi ya faiba iliyochongwa kwa mtindo mpya mara nyingi haiingii vizuri juu ya sponji na boriti ya zamani, kwa sababu mchongaji ameipunguza kina ili ionekane bapa. Mteja ameomba parishoki mpya. Amepewa parishoki mpya. Vipande vya ndani vinaonekana kuwa mabaki ya ile ya zamani. Vinakatwa na kuwekwa pembeni, na hakuna aliyedanganya. Katika gereji ninayoizungumzia, mafundi wakitaka kuitaja boriti husema chuma ya ndani. Mwanaisimu atatambua upatanisho wa Lubumbashi, ambapo sanifu ingedai chuma cha ndani. Lakini mteja hajui kwamba chuma hiyo ipo, kwa hiyo hawezi kuiulizia.

Jambo hili lilinifika nyumbani. Yaya wangu anaendesha teksi, Toyota IST, na mapato yake ndiyo yanayotulisha wengi wetu na kunilipia masomo. Mwaka huu gari lilipigwa mbele, ngozi ikapasuka kuanzia taa hadi katikati. Aliuziwa wazo la bampa la faiba lenye mdomo wa chini, zuri kweli kweli, kwa sharti kwamba vya ndani viondolewe. Jioni tulikaa nikamchorea vile vitu vitatu kwenye karatasi, kila kimoja na jina lake. Kesho yake alirudi kwa fundi akasema sentensi ambayo juzi yake asingeweza kuisema: “Fundi, ngozi unibadilishie, boriti uniachie.” Fundi hakukataa. Alisema tu kwamba kwa sharti hilo mchoro ule haufai, ni afadhali kutafuta ngozi ya kiwandani ya gari lilelile. Ndivyo ilivyofanyika.

Plastiki na faiba

Mahali pa pili ni katika jina la mata yenyewe. Mteja husema plastiki kwa kila kisicho chuma. Kwa mkono wa fundi, kuna angalau familia tatu.

Ya kwanza ni polipropilini, ambayo kwa kawaida huchanganywa na mpira ili isivunjike kwa urahisi. Ngozi nyingi za kiwandani ni za familia hii, ziwe zile zilizotolewa kwenye magari ya Japani yaliyotumika, ziwe zile za kuiga zinazotengenezwa Taiwan na kwingineko. Zile zilizotumika hufika kwetu pamoja na magari yenyewe, kwa njia ya bandari ya Dar es Salaam, Tunduma, Zambia, hadi Kasumbalesa. Ukiligeuza ganda utaona upande wa ndani herufi zilizochapwa kati ya alama mbili za pembe, kwa mfano >PP< au >PP+EPDM<. Toyota nyingi zina herufi TSOP, ambazo ni jina la Toyota kwa plastiki yake ya jamii hiyohiyo. Ukikwangua kipande kidogo mahali pasipoonekana na kukitia majini, mara nyingi kitaelea.

Ya pili ni poliurethani. Hii hupinda kama mpira mgumu, hurudi katika umbo lake, na ni nzito kidogo. Midomo mingi ya kuongezea chini ya bampa ni ya aina hii.

Ya tatu ni faiba. Mafundi wetu husema fibre, kwa Kifaransa. Nafuata faiba kwa sababu wasomaji wa Kiswahili wa nchi nyingine wanaielewa. Hii ni nyuzi za kioo zilizozamishwa ndani ya rezini ya poliesta. Kwa nje inalainishwa na kupakwa rangi, lakini upande wa ndani nyuzi zinaonekana zikienda huku na huku. Ukiigonga kwa kidole inalia kavu. Haipindi sana, ikizidiwa inapasuka, na kingo za mpasuko hukata kama wembe.

Kwa nini kutenganisha? Kwa sababu rezini ya poliesta haishiki kwenye polipropilini. Nimeona mabampa ya kiwandani yaliyopasuka yakibandikwa faiba kwa nyuma: siku ya kuchukua gari kazi inapendeza, lakini baada ya wiki chache za mashimo ya barabarani kiraka kinabanduka chote kama ganda la yai. Ufa wa polipropilini huchomelewa kwa joto, kwa ufito wa plastiki hiyohiyo, na kabla ya kupakwa rangi lazima upewe dawa ya kushikisha. Ufa wa faiba hukwanguliwa pande zote mbili na kujazwa nyuzi na rezini mpya, na ukifanywa vizuri unakuwa na nguvu kama mwanzo. Tiba ya mmoja haimfai mwenzake.

Hapa pia niondoe imani moja. Watu husema faiba ni nyepesi. Ukiilinganisha na chuma, ni kweli. Ukiilinganisha na ngozi ya polipropilini, faiba iliyochongwa kwa mkono mara nyingi ndiyo nzito. Hesabu nitakayoitoa hapa chini itaonyesha sababu. Faida yake iko kwingine: haihitaji kiwanda, kipande kimoja kinaweza kutengenezwa kwa ajili ya gari moja, na inatengenezeka tena.

Namna bampa la faiba linavyozaliwa

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kunakili. Bampa zima linasafishwa, linang'arishwa, linapakwa nta mara kadhaa na kufutwa kila mara, kisha linapakwa utando wa kuachanisha. Juu yake linajengwa kalibu la faiba. Kwa kuwa ncha za bampa hujikunja kwa ndani, kalibu la kipande kimoja litanasa. Hugawanywa vipande viwili au vitatu vinavyofungwa kwa bolti. Kalibu likishakauka na kutolewa, upande wake wa ndani ndio unaozaa bampa jipya, moja au mengi.

Njia ya pili ni kuchonga. Fundi anajenga umbo kwa povu, analichonga kwa kisu na msasa, kisha analivika nyuzi na rezini. Hapa jina linanasa tena. Povu jeupe la kufungia vyombo vya umeme ni polistirini, na rezini ya poliesta huliyeyusha mbele ya macho yako. Povu la manjano linalotoka kwenye kopo na kuvimba ni poliurethani, nalo huvumilia. Yote mawili huitwa povu tu. Kijana akitumwa dukani kununua povu bila neno la pili, anaweza kurudi na lisilofaa.

Katika kalibu, tabaka la kwanza ni jelikoti, rezini nzito isiyo na nyuzi, ndiyo itakayokuwa uso wa nje. Ikianza kushika, isiyolowesha kidole tena lakini bado inanatanata, huwekwa mkeka wa nyuzi za kioo. Jina hili mkeka silikopi kwa mtu; ni neno letu la zamani na linafaa kabisa, kwa sababu kitu chenyewe ni mkeka wa nyuzi fupi zilizotandazwa pande zote. Mkeka wa kawaida una gramu 450 kwa mita moja mraba. Rezini hupakwa kwa brashi, kisha rola ya mifereji hupitishwa kufukuza viputo vya hewa. Kiputo kilichobaki ni ufa wa kesho.

Sasa hesabu. Tuchukue bampa lenye eneo la mita mraba 1.5. Matabaka matatu ya mkeka wa gramu 450 hutoa unene wa karibu milimita 3. Hiyo ni mita mraba 4.5 za mkeka, yaani kilo 2 hivi. Rezini inayohitajika kwa mkeka wa aina hii ni kama mara mbili na robo ya uzito wake: kilo 4 na nusu. Jumla imeshapita kilo 6 kabla ya jelikoti, mastiki na rangi. Anayemwaga rezini zaidi akidhani anaongeza nguvu anaongeza uzito tu, maana nguvu iko kwenye nyuzi. Rezini ikizidi, bampa linakuwa rahisi kuvunjika.

Hali ya hewa ya Lubumbashi nayo inaamua. Rezini hupenda joto la kama nyuzi 18 hadi 25. Asubuhi za Juni na Julai, tunapoamka na makoti, inakawia kukauka na huenda isikauke vizuri kabisa. Mchana wa Oktoba inashika kabla brashi haijamaliza kona. Mvua zikianza, unyevu unaharibu jelikoti. Fundi mwenye busara hafanyi kazi ileile kwa kipimo kilekile mwaka mzima, na kipimo hicho kinatuleta kwenye mahali pa tatu.

Chupa mbili

Rezini ya poliesta haikauki kwa maji kutoka ndani yake, kama udongo unavyokauka. Inaganda kwa sababu imeongezewa dawa. Dawa hiyo ni peroksidi, kimiminika kisicho na rangi, kinachouzwa katika chupa ndogo yenye herufi MEKP. Kipimo chake kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini. Kwa kikombe cha nusu kilo, asilimia 1.5 ni gramu 7.5. Kwa zile kilo 4 na nusu za mfano wetu ni gramu 68 hivi, lakini hakuna anayechanganya zote kwa mara moja, kwa sababu kikombe kinaweza kuwa jiwe baada ya dakika 15 au 30.

Ili peroksidi ifanye kazi katika joto la kawaida, rezini inahitaji dawa nyingine tena, mara nyingi ya kobalti. Siku hizi rezini nyingi zinauzwa zikiwa tayari na kobalti ndani, na fundi haioni. Lakini nyingine zinauzwa bila hiyo, na kobalti inakuja katika chupa yake.

Kanuni ni hii, na ningependa isomwe na kila anayepita gerejini: peroksidi na kobalti visikutane moja kwa moja hata kidogo. Vikichanganywa vyenyewe, bila rezini kati yao, vinaweza kuwaka moto au kulipuka. Kobalti hutangulia kutiwa katika rezini na kukorogwa hadi iishe kabisa. Peroksidi hufuata baadaye.

Tazama sasa majina. Kwenye chupa ya peroksidi nimesoma catalyseur, na kwenye nyingine ya dawa ileile nimesoma durcisseur. Chupa za Kiingereza nazo zina majina mawili ya aina hiyo. Kobalti huitwa accélérateur. Majina matatu kwa vitu viwili, katika lugha ambazo mwanafunzi wa ufundi aliyeacha shule mapema hazisomi vizuri. Mdomoni, gerejini, vyote viwili huishia kuwa dawa.

Je, Kiswahili kina cha kutoa? Vitabu vya kemia vya Afrika Mashariki vina neno kichocheo. Ni neno zuri, lakini hapa halitusaidii. Kwanza, mkemia atasema kwamba kichocheo hakiliwi na mmenyuko, ilhali peroksidi inaliwa. Pili, na kwa fundi hili ndilo zito, kuchochea kunaweza kusemwa kuhusu chupa zote mbili. Neno linalofaa chupa zote mbili ni neno la hatari.

Pendekezo langu ni kigandishi kwa peroksidi na kiharakishi kwa kobalti. Uundaji ni wa kawaida wa Kibantu: ganda, gandisha, kigandishi, harakisha, kiharakishi. Kiambishi ki- cha chombo kinajulikana na kila mtoto wa mji huu, hata kama wingi wake mtaani tunautamka bi- badala ya vi-. Nimeyajaribu maneno haya kwa vijana wa gereji. Kigandishi walilielewa papo hapo, kwa sababu wanaona rezini inavyoganda. Kiharakishi lilihitaji maelezo, maana kijana mmoja aliuliza kama ni dawa ya kutia ndani ya kigandishi ili kiende haraka. Swali lake ndilo lililonionyesha kwamba jina peke yake halitoshi. Lazima lisafiri na kanuni yake. Kwa hiyo tuliandika ubaoni, kwa Kiswahili, sentensi tatu: Kiharakishi ni cha rezini. Kigandishi ni cha mwisho. Chupa hizi mbili zisikae rafu moja.

Chini yake tuliongeza mengine. Kigandishi kikiruka jichoni kinaweza kupofusha: osha kwa maji mengi kwa dakika 15 angalau, kisha hospitali. Kitambaa kilicholowa kigandishi kitiwe kwenye ndoo ya maji, kwa sababu kinaweza kuwaka chenyewe. Rezini iliyobaki kikombeni hupata moto mkali. Iwekwe nje, mbali na magari. Harufu ya rezini haizuiwi na barakoa ya kitambaa. Inahitaji chujio la mvuke, au walau kazi ifanyike uwanjani penye upepo. Na msasa utumike na maji, ili vumbi la kioo lisiruke.

Kulifunga garini

Bampa likitoka kalibuni huanza kwa msasa mzito, kama namba 80, kisha mastiki, kisha 180 na 320, rangi ya msingi, msasa laini zaidi, na rangi yenyewe. Lakini kabla ya rangi lifungwe kwanza garini na kujaribiwa. Nafasi kati yake na boneti iwe sawa kushoto na kulia. Matundu ya bolti yawe mapana kidogo kuliko bolti, na washa pana za mpira ziwekwe, kwa sababu faiba iliyobanwa bila kupumua hupasuka tundu hadi tundu. Matundu ya hewa ya rejeta yasizibwe kwa ajili ya urembo. Oktoba itawadai wenye magari yao. Tundu la ndoano ya kuvutia gari libaki wazi. Na mdomo usishuke sana: katika barabara zetu za mashimo, ngozi ya chini ndiyo ya kwanza kuachwa njiani, na kingo zake zilizovunjika zinakuwa kwenye usawa wa miguu ya watoto.

Kazi ya kitivo chetu

Kiswahili cha Lubumbashi kimeandikiwa mengi. Edgar Polomé, aliyefundisha hapa mjini kabla ya uhuru, alieleza sarufi yake. Johannes Fabian aliandika mwaka wa 1982 kuhusu ukopaji wa maneno katika Kiswahili cha Shaba, kama mkoa ulivyoitwa wakati ule. Tumezoea kulisoma neno la mkopo na kuuliza limetoka wapi, limeingia ngeli gani, limepata ma- katika wingi au halikupata. Ni maswali mazuri, na tasnifu yangu inayajibu. Ila gereji imenifundisha kuuliza swali jingine: neno hili linatenganisha nini na nini kwa mtu anayelitumia kazini?

Sipendekezi tuwafukuze mafundi kutoka kwenye maneno yao. Parishoki itabaki parishoki, nami nalipenda neno hilo. Ninachoomba ni kwamba mahali ambapo jina moja linafunika vitu viwili vya hatari, sisi tunaojifunza kuunda istilahi twende tukakae hapo, tusikilize kwanza, kisha tupendekeze neno la pili. Karatasi moja ya ukutani kwa kila gereji, ya Kiswahili, yenye ngozi na boriti, polipropilini na faiba, kigandishi na kiharakishi, inaweza kuandikwa na wanafunzi wawili kwa mwezi mmoja. Ile ya Katuba ipo tayari. Anayetaka kuinakili kwa ajili ya gereji ya mtaani kwake aje anione katika chumba cha kusomea cha idara, alasiri yoyote ya juma.